Rais ameapa na Msahafu mkononi: mama zetu wanaketi wapi katika vikao?

Asubuhi ya Ijumaa, Machi 19, 2021, mwanzoni mwa mwezi wa Shaaban 1442, Watanzania walishuhudia jambo ambalo halijapata kutokea tangu nchi hii ipate uhuru wake. Ikulu, jijini Dar es Salaam, Bi. Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, alisimama mbele ya Jaji Mkuu, Profesa Ibrahim Juma, akiwa amejitanda mtandio mwekundu. Akanyanyua Msahafu kwa mkono wake wa kulia, akaapa kuwa Rais wa sita wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Siku mbili kabla ya hapo, usiku wa Jumatano, ni yeye aliyetokea katika televisheni kulitangazia taifa kifo cha Rais John Pombe Magufuli.

Hafla ilikuwa fupi na ya huzuni. Rais mpya mwenyewe alieleza kwamba viapo alivyowahi kula huko nyuma alivila kwa furaha, lakini hiki cha juu kuliko vyote amekila akiwa na majonzi. Akatangaza siku 21 za maombolezo. Kisha akakagua gwaride la vikosi vya ulinzi, na makamanda wa jeshi wakampigia saluti.

Hapa Magomeni, Mtwara, tukio hilo lilizungumzwa barazani na sokoni kwa siku nyingi, na mazungumzo hayakuwa ya namna moja. Wapo waliofurahi kwa kuwa aliyeapa ni Muislamu. Wapo waliofarijika kuuona mtandio, ambao binti zetu wamewahi kuonewa haya kwa ajili yake, ukiwa kichwani mwa mkuu wa nchi. Wapo pia waliosogeza viti karibu na kunong'ona: je, dini yetu inasemaje? Na wapo akina mama ambao hawakuuliza lolote barazani, kwa kuwa barazani hawaketi, lakini waliporudi majumbani waliwauliza waume zao swali ambalo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Swali lenyewe ni hili: ikiwa mwanamke ameaminiwa kiapo cha nchi nzima, kwa nini hajaaminiwa kiti kimoja katika kikao cha msikiti wa mtaa?

Kuitazama hafla kwa jicho la mwanamke

Neno ufeministi huwatia wengi wetu wasiwasi, na wasiwasi huo una sababu zake, kwa kuwa chini ya jina hilo yamesemwa mengi, mengine yakiwa yanagongana wazi na mafundisho yetu. Hata hivyo, ndani ya neno hilo limo ombi moja ambalo Muislamu hana sababu ya kuliogopa. Ombi hilo ni kwamba, unapolitazama jambo lolote la watu wengi, uulize: mwanamke yuko wapi hapa, anafanya nini, anapata nini, na nani anayeamua? Kuuliza hivyo hakuhalalishi haramu wala kuharamisha halali. Ni kufungua macho tu.

Tukizitazama sherehe za kitaifa kwa macho hayo, tunaona kwamba mwanamke hakukosekana kamwe. Kiongozi akija Mtwara, akina mama ndio wa kwanza kufika uwanja wa ndege. Wao ndio wenye ngoma, wao ndio wenye vigelegele, wao ndio waliovaa kanga na vitenge vyenye picha ya mgeni. Katika msiba huu wa Machi tuliona kwenye televisheni wanawake wakivua kanga zao na kuzitandika barabarani ili gari lenye jeneza lipite juu yake. Ni heshima kubwa, nayo imetoka moyoni. Lakini nani alikaa katika kamati ya mapokezi? Nani alipanga ratiba, akaamua nani aseme na kwa dakika ngapi? Mara nyingi mwanamke amepewa kuipamba sherehe, na mwanamume akapewa kuipanga.

Historia ya uhuru wetu ina mfano ulio wazi. Bibi Titi Mohamed, Muislamu, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa ngoma ya lelemama. Mwaka 1955, TANU ilipotafuta njia ya kuwafikia wanawake, alitumia vikundi vya ngoma ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wake, michango yake na nidhamu yake. Akaingiza maelfu ya wanawake katika chama kwa muda mfupi. Alizunguka nchi nzima akihutubia wakati wasomi wengi waliogopa kupoteza ajira zao serikalini. Baada ya uhuru aliongoza umoja wa wanawake, akawa mbunge, kisha mambo yakamgeukia. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na akaachiwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais Nyerere. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana katika sherehe za uhuru alioupigania. Alifariki dunia mwaka 2000, na leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina lake.

Tunamtaja Bibi Titi kwa sababu maisha yake yanatufundisha jambo ambalo hafla ya Machi 19 inaweza kutusahaulisha. Wanawake wa pwani hawakusubiri mwaka 2021 ndipo waanze kubeba siasa za nchi. Waliibeba TANU kwa sauti zao na kwa senti zao. Walichochelewa kupata ni kiti mahali pa kuamua.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Kuna mambo matatu katika hafla ile yanayofaa kuzungumzwa ndani ya familia.

La kwanza ni lugha. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 37(5), inaeleza kwamba Rais akifariki, Makamu wa Rais ataapishwa na atakuwa Rais kwa muda uliobaki. Ibara ya 39 inataja sifa za mgombea: awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza umri wa miaka 40, na nyinginezo. Hakuna mahali palipohitaji kubadilishwa hata herufi moja ili mwanamke aapishwe. Kiswahili kinasema "ataapishwa", nacho hakimtengi mume na mke. Lugha tuliyonyonya na maziwa ya mama zetu ilikuwa imeuacha mlango wazi siku zote. Kilichoufunga kwa takriban miaka 60 ni mazoea.

La pili ni jina. Tangu siku ile watu wanamwita "Mama Samia", na wengi humwita "Mama" tu. Kwetu sisi mama ni cheo kikubwa. Mtume wetu Muhammad (saw), alipoulizwa ni nani mwenye haki zaidi ya kutendewa wema, alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba. Kwa hiyo hatuoni ubaya katika jina hilo. Hata hivyo, tuwe waangalifu. Mama katika fikra za wengi ni mtu wa kusamehe, wa kuvumilia, wa kulisha na kunyamaza. Rais ni mtu wa kuhukumu, kuteua, kutengua na kuulizwa. Tusimpe jina la heshima kisha tukalitumia kumtaka asiwe mkali panapohitaji ukali, au sisi tusimuulize panapohitaji kuulizwa. Yeye mwenyewe, Machi 22 pale Dodoma, katika mazishi ya kitaifa, aliwajibu wenye shaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, naye ni mwenye maumbile ya kike. Alitanguliza cheo, maumbile yakafuata.

Siku hiyo hiyo ya Dodoma, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alinyamaza katikati ya hotuba yake adhana iliposikika, akaendelea ilipokwisha. Waislamu wengi waliguswa na adabu ile. Tunaikumbusha hapa kwa kuwa inaonyesha jinsi tendo dogo katika hafla kubwa linavyoweza kusema zaidi ya hotuba.

La tatu ni kwamba mwanamke mmoja kuapa si wanawake wote kuinuka. Kamera zilikuwa Ikulu, Dodoma na Chato. Hazikuwa Msimbati wala kwenye mikoko ya mdomo wa Mto Ruvuma, ambako mwanamke huamka na maji yakitoka akaenda mwambani kutafuta pweza na chaza, arudi apike, kisha auze kwa bei aliyopangiwa na mnunuzi. Katika wiki ile ile ya maombolezo, Machi 24, mji wa Palma, ng'ambo ya Ruvuma, ulishambuliwa, na familia zikakimbia na watoto mgongoni. Kwa wanawake hao, kiapo cha kulinda nchi na watu wake si maneno ya sherehe. Wao watapima kiapo kwa usalama wa njia, kwa dawa katika zahanati na kwa bei ya korosho. Nasi tukifurahia hafla, tusikubali furaha hiyo ikawa kisingizio cha kusema kwamba habari ya wanawake sasa imekwisha.

Wanazuoni wamesemaje?

Tunarudi kwenye mnong'ono wa barazani, kwa kuwa haifai kuupita. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Bakra (ra) kwamba Mtume (saw), alipopata habari kuwa Waajemi wamemtawalisha binti wa Kisra, alisema kuwa hawatafaulu watu waliompa mwanamke utawala wa jambo lao. Kwa hadithi hii, na kwa dalili nyingine, jamhuri ya mafaqihi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wameshurutisha mwanamume katika uongozi mkuu wa umma, yaani ukhalifa. Huo ni msimamo unaoheshimika na hatuna elimu ya kuubeza.

Wakati huo huo, elimu inatutaka tuseme yote yaliyosemwa. Imamu Abu Hanifa aliona mwanamke anaweza kuwa kadhi katika mambo ambayo ushahidi wake unakubaliwa. Ibn Jarir At-Tabari amenukuliwa akiruhusu ukadhi wake bila mpaka huo. Miongoni mwa wanazuoni wa zama zetu wapo wanaosema kuwa hadithi ile ilihusu tukio la Waajemi, na kwamba Rais wa leo, anayefungwa na Katiba, Bunge na Mahakama, si khalifa anayeswalisha watu, kuongoza jihadi na kuamua peke yake. Wapo wanaowapinga. Ikhtilafu hii ipo, na kila mwenye elimu ana hoja zake. Gazeti la familia si mahali pa kuimaliza.

Lakini kuna jambo ambalo halina ikhtilafu, na ndilo linalotuhusu sisi wa misikitini. Nalo ni kwamba mwanamke wa Kiislamu ana haki ya kushauri na kusikilizwa katika mambo ya umma.

Tuanze na kiapo chenyewe. Katika Bai'a ya pili ya Aqaba, usiku ambao watu wa Madina walimuahidi Mtume (saw) kumlinda, walihudhuria wanaume 73 na wanawake wawili: Nusayba bint Ka'ab, maarufu Ummu Umara, na Asmaa bint Amr (ra). Ahadi ile ilikuwa ya siri na ya hatari. Wanawake hao hawakuitwa kuimba. Waliitwa kuahidi, na Ummu Umara aliitimiza ahadi yake katika Uhud kwa kumkinga Mtume kwa mwili wake. Baadaye Mwenyezi Mungu akateremsha katika Suratul Mumtahina, aya ya 12, amri ya kupokea bai'a ya wanawake waumini watakapokuja wenyewe. Bibi Aisha (ra) ameeleza kwamba Mtume (saw) aliipokea kwa maneno bila kuwagusa mikono. Tuzingatie utaratibu huo. Stara ilihifadhiwa, na sauti ya mwanamke ikapokelewa yeye mwenyewe, si kwa kupitia mumewe wala kaka yake.

Kisha tuitazame Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Mkataba ulipokwisha kuandikwa, Mtume (saw) aliwaamuru maswahaba wachinje na kunyoa. Kwa huzuni ya kuzuiwa kuingia Makka, hawakuinuka, ingawa alirudia mara tatu. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama (ra), akamweleza. Bibi huyu akamshauri atoke asiseme na mtu, achinje mnyama wake, amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo, na maswahaba wote wakainuka wakafuata. Siku ile umma ulikuwa kwenye ukingo wa kumuasi Mtume wao, na ushauri uliouokoa ulitoka kwa mwanamke aliyekuwa hemani.

Na Qur'an yenyewe, katika Suratun Naml, inatusimulia Malkia wa Saba akiwakusanya wakuu wake na kuwaeleza kuwa hakati jambo bila wao kuwepo. Hata katika nyumba, Suratul Baqara, aya ya 233, imelifungamanisha jambo la kumwachisha mtoto ziwa na kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Ikiwa ziwa la mtoto mmoja linahitaji shura ya mume na mke, vipi msikiti wa mtaa mzima uwe na shura ya upande mmoja?

Pwani yetu haijawahi kuwa ya wanaume peke yao

Baadhi ya wazee husema kwamba mwanamke kuamua mambo ya watu ni kitu kilichokuja na wafadhili. Historia ya pwani haiungi mkono kauli hiyo. Unguja ilipata kutawaliwa na malkia Fatuma mwishoni mwa karne ya 17. Pate, karne ya 18, ilitawaliwa na Mwana Khadija. Mwali, katika visiwa vya Ngazija na vyenzake, Jumbe Fatima alikaa katika kiti cha usultani katika karne ya 19. Hatusemi kwamba matendo ya watawala ni dalili za kisheria. Tunasema tu kwamba bibi zetu wasingeshangaa kwa tuliyoyaona Machi 19.

Nasi watu wa Kusini tuna ushahidi ulio karibu zaidi. Wamakonde, Wamakua na Wayao wamehesabu ukoo kwa upande wa mama tangu enzi na enzi. Katika nyumba nyingi za Mtwara, mwanamume alipooa alihamia kwa wakwe, na nyumba ilihesabiwa ya mwanamke. Mjomba ndiye aliyesemea ukoo, lakini hakusema kabla ya kukaa na dada zake na mama yake. Uislamu ulipoingia ulitufundisha mirathi na wajibu wa baba, na sisi tunashikamana na hayo. Ila haukuja kuwanyang'anya mama zetu nafasi ya kushauriwa. Tukikuta imepotea, tuitafute iliangukia wapi.

Kikao cha mtaani

Tufike sasa mahali petu. Anayetaka kujua nani anauendesha msikiti wa mtaa asitazame orodha ya viongozi ukutani peke yake. Atazame daftari la michango. Ataona vikundi vya upatu vya akina mama vimenunua mazulia, vimelipa fundi wa bati, vimetoa mchele na sukari ya futari. Atazame madrasa asubuhi ya Jumamosi: wanaoleta watoto, wanaolipa ada ya ustadhi, wanaouliza mtoto amefika juzuu ya ngapi, ni mama. Kisha afungue kitabu cha mihtasari ya vikao. Katika misikiti mingi tunayoijua, hatapata jina la mwanamke hata moja miongoni mwa wajumbe waliohudhuria.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Bomba la udhu la akina mama limewekwa mahali ambapo ni lazima wapite mbele ya wanaume wakiwa wamekunja mikono ya nguo. Kipaza sauti kipya kimefungwa nje kuelekea barabarani, na upande wa akina mama, nyuma ya ukuta, hawasikii khutba ya Ijumaa. Darsa la hedhi na nifasi linatolewa na ustadhi kijana mwenye haya, kwa dakika kumi, akitazama dari. Aliyeamua haya hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na mtu wa kumwambia tu.

Wiki iliyofuata mazishi ya Chato, kamati yetu hapa Magomeni ilipokea barua kutoka kwa akina mama wa msikiti, na tunaieleza kwa idhini yao. Imeandikwa kwa mkono, kwa adabu, na ina mambo matatu. La kwanza, bomba la udhu lihamishwe nyuma ya jengo. La pili, kifungwe kipaza sauti kidogo upande wao, na nusu ya gharama watatoa wao. La tatu, wachague wawakilishi wawili watakaohudhuria vikao vya kamati na kusema juu ya mambo ya elimu, usafi na fedha. Hawakumtaja Rais popote, wala hawakuhitaji. Barua imeingizwa katika ajenda ya kikao cha mwisho cha Shaaban.

Mambo mawili ya kwanza hayana mpinzani. La tatu limekwisha kuzua maneno kabla ya kikao, nasi tunapenda kuyajibu hadharani kwa kuwa tunaamini maneno hayo yapo katika mitaa mingine pia.

Inasemwa kwamba kuketi pamoja ni kuchanganyika. Tunajibu kwamba darsa la kila wiki linahudhuriwa na wanaume na wanawake, wanaume mbele na wanawake nyuma, na hakuna aliyelilalamikia. Kikao kinaweza kuketi hivyo hivyo. Wawakilishi ni wawili, watu wazima, na wanaweza kufuatana na mahram wao wakipenda. Mama zetu hao hao huketi katika kamati za shule za watoto wetu na katika mikutano ya vyama vya msingi vya korosho. Kama stara inawezekana huko, msikitini inawezekana zaidi.

Inasemwa kwamba waume zao wanawawakilisha. Tunajibu kwamba mume hajui maji ya udhu ya akina mama yanavyotoka, na mjane hana mume wa kumsemea. Wajane katika mtaa wetu si wachache, nao ni katika wachangiaji wa uhakika.

Inasemwa kwamba leo wataomba kiti cha kikao, kesho wataomba mihrabu. Hakuna aliyeomba mihrabu. Uimamu wa swala una hukumu yake iliyo wazi, na barua haikuugusa. Si haki kumnyima mtu anachokiomba kwa kuogopa asichokiomba.

Inasemwa, mwisho, kwamba mambo haya ni upepo wa Rais mwanamke, nao utapita. Kwa hili tunasema kwamba upepo huwa unafungua dirisha lililokuwapo. Suratut Tawba, aya ya 71, imewaeleza waumini wanaume na waumini wanawake kuwa ni wasaidizi wao kwa wao, wanaamrishana mema na kukatazana maovu, wanasimamisha swala na kutoa zaka. Aya hiyo ilikuwapo kabla ya Ikulu kujengwa.

Tunachokiomba kwa familia na kwa kamati

Kwanza, tunawaomba wazazi wazungumze na watoto wao juu ya waliyoyaona. Binti wa miaka kumi aliyemwona Rais akiapa na Msahafu asiambiwe tu kwamba naye anaweza kuwa Rais. Aambiwe pia kiapo ni nini, kwamba anayeapa kwa Mwenyezi Mungu ataulizwa na Mwenyezi Mungu, na kwamba cheo ni amana kwa mwanamke kama kilivyo kwa mwanamume. Na mvulana aambiwe kwamba dada yake si wa kupika futari tu wakati yeye anaketi kwenye jamvi kungoja.

Pili, tunaziomba kamati za misikiti ya Mtwara, Mikindani na vijiji vya pwani hadi Ruvuma zifungue katiba zao na kuzisoma. Nyingi tulizozisoma zinasema mjumbe awe Muislamu mwadilifu, mwenye umri kamili, mwenye kuswali katika msikiti huo. Hazisemi zaidi. Kama ilivyo Katiba ya nchi, mlango hauna kufuli; mazoea ndiyo yameuegemea.

Tatu, tunawaomba akina mama wasiache kuandika. Ombi la mdomo husahaulika likifika kwenye kizingiti. Barua huingia katika faili, husomwa katika kikao, na wasiokuwapo leo wataisoma kesho.

Nne, tunawaomba Waislamu wote tumwombee dua Rais na tumnasihi pia, kama tulivyofanya kwa waliomtangulia, kwa kuwa kumpenda kiongozi hakumtoi katika haki ya raia kumuuliza.

Ramadhani imekaribia, na kabla ya mwezi kuandama kamati nyingi zitaketi kupanga futari, tarawehe na darsa. Wapishi wa futari hiyo wanajulikana. Waulizwe kabla ya ratiba kubandikwa ukutani, waulizwe wakiwa wameketi kikaoni, na waliyoyasema yaandikwe katika muhtasari kwa majina yao.

Wallahu a'alam.